Hodi ya Mzee Mbaruku, Mtembeza Wageni wa Chambuli

Jumamosi hii, tarehe 31 Julai 1937, Mzee Mbaruku bin Kondo anatimiza miaka kumi na saba ya utumishi katika kampuni yetu ya motokaa za kukodi, hapa Mtaa wa Msimbazi, na leo ndiyo siku yake ya mwisho. Alianza kazi pamoja na motokaa yetu ya kwanza, Fodi moja iliyokuwa ikikohoa kuliko mgonjwa wa kifua. Ile Fodi ilikufa zamani, na mabati yake sasa ni makarai ya wakaanga maandazi. Mzee Mbaruku bado yupo, mgongo umenyooka, na kanzu yake haina doa.

Mimi Gaudens, dereva wake, nimeagizwa na tajiri wetu, Bwana Muhiddin bin Hamud, niandike wasifu wa Mzee usomwe leo wakati wa chai. Niliambiwa niandike mambo ya kufurahisha, nisirefushe, na niseme kwamba Mzee anastaafu kwa sababu macho yamechoka. Ya kufurahisha nitayaandika, yapo tele. Ama la macho, juzi tukiwa uani Mzee aliona tangu mlangoni kwamba gurudumu langu la nyuma linapungua upepo, na mimi niliyeliegemea sikuona kitu. Kwa hiyo la macho tuliache. Nimekasirika, ndugu zangu, na sioni haya kulisema hilo mapema, ili asiyetaka kusikia anywe chai yake upesi aende zake.

Mzee ni mtu wa pwani hasa, mzaliwa wa upande wa Msasani. Vita vikubwa vilipokwisha alikuwa mpagazi forodhani, akibeba masanduku ya abiria wa meli. Siku moja alishuka mgeni mtu mzima, peke yake, akitaka kuona mambo ya kale. Wapagazi wakamgombania, huyu anamvutia kwenye duka la shemeji yake, yule kwa muuza vinyago. Mbaruku akamchukua taratibu kwa miguu, akamzungusha kwenye Boma la zamani na misikiti ya mjini, akamkalisha kivulini, akampa dafu, na kumrudisha melini kabla honi haijalia. Marehemu Mzee Hamud, baba yake Bwana Muhiddin, alikuwa amekaa mlangoni mwa duka lake la nguo akiyaona yote hayo. Akamwita, akamuuliza kama angeweza kufanya vile kwa motokaa. Mbaruku akajibu kwamba yeye ataweza, ila motokaa yenyewe ndiyo iulizwe.

Ndipo ikaanza safari yetu ya Chambuli. Kwa wasiojua, Chambuli ni kijiji cha wavuvi na wakulima wa minazi, kaskazini ya mji, chenye msikiti wa kale wa mawe ya matumbawe na makaburi yenye nguzo. Safari ilikuwa ya faragha: jamaa wa nyumba moja, au marafiki wa meli moja, hawachanganywi na wengine, na siku nzima ni yao. Asubuhi tunawapokea forodhani, tunapita Feri kuchukua samaki wa kukaanga, tunawatembeza soko la Kariakoo, tunavuka mto Msimbazi, halafu mchanga na minazi mpaka mwisho. Jioni wanarudi wamechomwa na jua, wamechoka, wanacheka. Safari hiyo ndiyo iliyonunua motokaa ya pili, na ya tatu, na hili paa la mabati mnalokalia chini yake leo.

Wenye kusoma historia wanisamehe, na Mzee anisamehe zaidi, lakini tarehe hakuwa akizijua. Kwake kila jiwe lilikuwa la enzi za Washirazi, na enzi hizo zilisogea mbele na nyuma kwa kadiri alivyoamka. Kuna mama mmoja aliyekuja mwezi Machi, akarudi Septemba, akanilalamikia kwamba msikiti umezeeka karne mbili kati ya safari yake ya kwanza na ya pili. Nilipomweleza Mzee, alifikiri kidogo, akasema masika ya mwaka ule yalikuwa makali mno.

Lakini kwenye viatu hakuwa na mchezo. Bwana mmoja mnene, mwenye cheo chake, alikataa kuvua mabuti kwa hoja kwamba msikiti hauna paa. Mzee akamjibu kwamba paa limeanguka, mihrabu imesimama. Kisha akakaa kitako juu ya jiwe, akaanza kumenya chungwa. Yule bwana alizunguka, akapiga mluzi, akatazama bahari kama mtu aliyeipoteza jana. Mwisho akaketi kufungua kamba, na tumbo likamkatalia kuzifikia. Mimi nikainuka nimsaidie, Mzee akanishika shati. Alitaka avue mwenyewe. Akavua, jasho linamtiririka, akaingia, akakaa ndani muda mrefu, na alipotoka aliomba kipande cha chungwa.

Na mimi sikusalimika. Mimi ni Mchaga, Mkristo, nimelelewa migombani kwetu Kilema, na Mzee alinitania tangu siku ya kwanza. Kila nilipovua viatu mlangoni mwa msikiti alisema heri nibaki navyo, kwa usalama wa wageni wanaovuta pumzi. Nami nilimwambia kwamba mtu wa pwani akishashiba wali, hata Izraili akija kumchukua itabidi angoje aamke. Alikuwa analala kweli, tena kwa mkoromo. Kutoka Chambuli hadi daraja la Msimbazi sikuwahi kupata mtu wa kuzungumza naye.

Sasa tuje kwenye hodi. Hapa naomba mtue vikombe, maana hapa ndipo penye ugomvi.

Tulipofika Chambuli hatukuwa tukienda msikitini moja kwa moja. Nilizima motokaa minazini, mbali kidogo. Mzee alishuka na kifurushi cha kahawa na ubani alichonunua asubuhi Kariakoo, kwenye meza ya Bi Mauza, akaenda mpaka uani kwa Bi Zeina. Bi Zeina ndiye mfagiaji wa msikiti ule. Mama yake aliufagia, bibi yake aliufagia, na hakuna serikali iliyompa cheo hicho wala itakayomvua. Mzee alisimama nje ya ua wa makuti, akapiga hodi, akangoja. Akikaribishwa aliingia, akaketi jamvini, wakajuliana hali: watoto, mbuzi, mguu wa Bi Zeina unaomsumbua wakati wa baridi. Ndipo Mzee aliposema kwamba ana wageni. Na Bi Zeina ndipo aliposema kama siku ni njema au si njema.

Maana Chambuli si gofu, jamani. Ni mahali pa watu, wana wazee wao wamelala pale. Kuna siku ya maziko, kuna siku ya kisomo, kuna siku mwanamke amekwenda kuondoa nadhiri yake na hataki macho ya mtu. Siku ikiwa si njema, Mzee aliwapeleka wageni ufukweni, wakala samaki wao, wakakunja suruali wakakanyaga maji, tukarudi bila kuuona msikiti hata kwa mbali. Wengine walinuna. Wengi walifurahi vilevile, na kuna waliosema wameipenda nchi hii kwa sababu wamekuta mahali ambapo huwezi kuingia tu kwa kuwa unataka.

Mzee Hamud aliijua thamani ya ile hodi. Alikuwa akimpa Mzee pesa ya kahawa amnunulie Bi Zeina, pamoja na salamu. Mungu amrehemu, alifariki mwaka juzi, na mwanawe akaikuta kampuni inaelea akadhani imeota majini. Ukiona vyaelea, vimeundwa, Bwana Muhiddin!

Tajiri wetu mpya aliitazama safari akaona hodi ni uvivu. Alisema wageni wanakaangwa na joto ndani ya motokaa huku mzee akinywa kahawa na ajuza. Alisema msikiti ni nyumba ya Mungu, sasa ruhusa ya bibi kizee ni ya nini? Alitaka safari mbili kwa siku, ya asubuhi na ya alasiri, moja kwa moja hadi msikitini, picha, kisha nyumbani. Angekuwa mgeni aliyeshuka jana ningesema maskini, hajui. Lakini huyu ni mtoto wa Kiislamu, amezaliwa mji huu huu. Nyumbani kwao kwenyewe huvuki kizingiti bila hodi. Mama yake, Bi Fakhriya, atakurudisha mpaka barabarani uanze upya. Kwa nini heshima anayoitaka kwa mama yake ikamshinda kumpa mama wa mwingine?

Mzee alikataa. Alikataa kwa adabu, mikono nyuma, kama kawaida yake. Akamkumbusha kwamba mwezi ule wa Mei ulikuwa Mfungo Sita, mwezi wa maulidi, na vijiji vya pwani husoma kwa zamu, kila kijiji siku yake, kwa hiyo asiyeuliza hawezi kujua zamu ya Chambuli ni lini. Bwana Muhiddin akamwambia kama miguu imekuwa mizito abaki uani aoshe motokaa, wageni atawapeleka mwenyewe. Mzee akabaki. Akaosha motokaa. Mtu wa umri ule, mbele ya mafundi wote, ameshika kitambara!

Niliendesha mimi, kwa hiyo haya sikusimuliwa. Wageni walikuwa jamaa moja ya Ulaya, baba, mama na mabinti wakubwa, pamoja na rafiki yao mwenye kamera ya miguu mitatu. Tulipofika minazini nilipunguza mwendo. Bwana Muhiddin akaniambia niendelee. Nikamwambia nasikia watu wanasoma. Akaniambia kazi yangu ni usukani, si masikio. Basi nikaendelea mpaka kwenye ukuta wa msikiti.

Ilikuwa ndiyo siku yao. Kijiji kizima kipo, wanaume ndani, wanawake upande wa makaburi na buibui zao, udi unafuka, na maulidi yamefika kwenye kiyamu, pale ambapo watu wote husimama kwa kumheshimu Mtume. Wageni wakashuka, wakaona umati umesimama, wakadhani wamesimamiwa wao. Wakafurahi, masikini, wakavua kofia, wakapunga mikono. Kofia walivua, viatu hawakuvua, kwa sababu hakuna aliyewaambia. Aliyepaswa kuwaambia alikuwa mbele yao, anatabasamu, anawafungulia njia katikati ya safu. Na yule mwenye kamera, akitafuta mahali palipoinuka, akaisimamisha miguu mitatu juu ya kaburi la baba yake Bi Zeina.

Siwalaumu wageni. Mgeni ni kipofu hata akiwa na macho, ndiyo maana akawekwa mtu wa kumtembeza.

Hakuna aliyerusha jiwe, hakuna aliyetukana. Msomaji alinyamaza, vitabu vikafungwa, watoto wakavutwa nyuma. Mimi nilitamani ardhi ipasuke niingie na motokaa yangu. Bi Zeina akaja akichechemea mpaka penye dirisha langu, akampita Bwana Muhiddin kama anapita mti, akaniuliza mimi Mbaruku yuko wapi. Nikamjibu kwamba amebaki mjini. Akauliza kama anaumwa. Nikasema hapana, Bibi, haumwi. Akasema basi na sisi turudi huko huko mjini alikobaki.

Safari iliyofuata tulikuta miba imelazwa njiani na gogo la mnazi juu yake, na wazee wawili wamekaa kando, wakatuamkua vizuri na kutuambia hakuna njia. Tukageuza. Wageni wakaenda kulalamika kwa wakala wa meli, na wakala akaacha kutuletea watu. Motokaa zikalala uani. Hapo ndipo Bwana Muhiddin alipohitaji mtu wa kumtupia lawama, na akamchagua yule ambaye hakuwepo.

Alisema Mbaruku ndiye aliyewachochea watu wa Chambuli. Alisema hivyo dukani mbele ya wateja. Akasema kwa wakala wa meli. Akasema barazani, watu wametoka msikitini, udhu haujawakauka. Uongo! Mzee hakuwa amekanyaga Chambuli mwezi mzima, nasi sote tunajua, kwa sababu alikuwa hapa anaosha motokaa. Lakini neno la tajiri lina miguu mirefu. Sasa Mzee akipita Kariakoo kuna watu wanakatiza mazungumzo. Wapagazi wa forodhani, waliokuwa wakimwamkua kwa kelele, wanamwamkua chini chini. Mali hana, cheo hana. Alikuwa na jina, basi, jina la mtu anayeaminiwa na wenyeji na wageni, na hilo ndilo alilonyang'anywa. Shukrani ya punda ni mateke, lakini punda angalau hamwiti mtu mfitini.

Na leo, mnaiona pale mezani, kampuni inamtunukia saa. Saa! Mtu aliyeondolewa kwa sababu hakutaka kuharakisha anapewa saa ya mezani yenye kengele. Sijui aliyeichagua alikuwa anawaza nini. Mzee ataipokea na kushukuru, kwa kuwa ndivyo alivyofunzwa.

Kuna jambo jingine msilolijua, na yeye hatalisema. Wiki ile ile aliyoitwa mchochezi, Mzee aliazima baiskeli yangu, akaenda Chambuli. Hakwenda kujitetea. Alikwenda kuomba radhi kwa niaba ya kampuni. Alipiga hodi kwa Bi Zeina, akaketi jamvini, akasema kosa limetoka kwenye nyumba anamokula, kwa hiyo ni lake pia. Kisha akaomba jagi la maji na ufagio, akaenda kulisafisha lile kaburi. Aliporudi alimwambia Bwana Muhiddin kwamba Bi Zeina yuko tayari kusikia hodi yake. Hakuongeza neno. Jibu alilopata ni kwamba umri umekwenda, na mwisho wa Julai unatosha.

Mimi nilipatwa na hasira, nikaenda Chambuli mwenyewe Jumapili baada ya misa. Nilivua viatu tangu minazini, hata Mzee angenicheka. Bi Zeina akanipa uji, akanisikiliza mpaka nikamaliza kufoka, kisha akanieleza kwamba ujumbe wake Mzee aliufikisha nusu. Nusu ya pili aliiacha kwa haya, kwa sababu inamhusu yeye mwenyewe. Akaniagiza niifikishe mimi, mbele za watu, kama alivyosingiziwa mbele za watu. Basi huu hapa, Bwana Muhiddin, nakufikishia. Bi Zeina anasema miba ataiondoa siku yoyote, haina shida, ni miba tu. Lakini hodi yako ya kwanza isiwe mlangoni kwake yeye. Aliyevunjiwa mlango ni Mbaruku. Anza kwake.

Najua naweza kuambiwa kesho nirudishe ufunguo wa motokaa. Nimeuweka tayari mezani, kando ya saa. Mafundi Sadalla na Isidori wameisoma karatasi hii neno kwa neno kabla hatujaipeleka kupigwa chapa, na wamekubali majina yao yawe chini ya langu. Sisi sote tunashuhudia kwamba Mzee Mbaruku bin Kondo hakumchochea mtu. Mwenye neno jingine aseme leo, hapa, tukiwa tumeketi naye uso kwa uso.

Mzee wetu, ahsante kwa miaka kumi na saba. Ahsante kwa kila mgeni uliyemfundisha kungoja nje mpaka aitikiwe. Ahsante kwa machungwa, na kwa kunishika shati siku ile. Mungu akupe afya, wajukuu wakusumbue kwa furaha, na usingizi wako usikatishwe na kengele ya saa ya mtu yeyote. Ukichoka kukaa, baiskeli yangu iko pale pale.

Anwani mpya ya Mzee, kwa mwenye haja naye, ni Mtaa wa Kongo, nyuma ya soko, nyumba yenye mlango wa kijani. Bwana Muhiddin, si mbali, hata motokaa huhitaji. Ukifika simama nje, piga hodi, kisha ngoja. Mzee ataitika. Sijapata kumwona akimnyima mtu karibu.